Kutoka Ua wa Minnesota hadi Msitu wa Michoacán

Safari yangu ya kwanza kwenda Meksiko ilitokana na mmea ambao wakulima wa Marekani wameung'oa kwa vizazi. Mmea wenyewe ni asklepia. Ukilikata jani lake hutoka utomvu mweupe, mzito, unaoumiza macho ukiyagusa, na mfugo ukiula kwa wingi huweza kufa. Kwa hiyo uliingizwa kwenye orodha za magugu, ukalimwa kwa jembe, kisha ukapuliziwa dawa. Lakini kipepeo monaki, yule mwenye mabawa ya rangi ya chungwa na mishipa myeusi, hatagi mayai penginepo. Viwavi wake hawali kitu kingine. Pale asklepia ilipokwisha, monaki hana pa kuzalia.

Haya niliyaona kwanza uani kwa mama mdogo, anayeishi karibu na Minneapolis na kufanya kazi ya kuwauguza wazee. Nilifika kwake mwisho wa Julai, nimekuja kusoma. Nilipomwamkia shikamoo alinijibu, "Marahaba mwanangu, pita huku, pale kuna viwavi," kisha ndipo akanikumbatia na kuuliza habari za kwetu Muheza.

Katika ua ule kulikuwa na asklepia za aina tatu. Ya kwanza ni ile ya mashambani, inayofika kifuani mwa mtu, yenye majani mapana na maua ya waridi iliyofifia. Jioni harufu yake tamu hufika barabarani. Hii hutambaa kwa mizizi chini ya ardhi. Ukiipanda kona hii, baada ya misimu michache imechomoza kwa jirani. Ya pili ina majani membamba, hupenda udongo wa tope, nayo haitambai. Ya tatu ni fupi, maua yake ya rangi ya chungwa iliyokolea, na mzizi wake mkuu huzama chini sana, hivyo mtu akishaipanda asiihamishe. Mama mdogo hakupanda mche mmoja mmoja wa kupendezesha macho. Alipanda vichaka, kwa sababu kiwavi ni mlaji hasa, na viwavi wachache wanaweza kuumaliza mche mzima ukabaki fimbo.

Mbegu za asklepia za kaskazini haziamki mpaka zipitie baridi. Mama mdogo huzimwaga karibu na Novemba juu ya udongo uliokwaruzwa kwa reki, theluji ikazifunika hadi majira ya kuchipua. Zile anazotaka kuwagawia watu huzichanganya na mchanga mbichi, akaziweka kwenye friji mwezi mzima au zaidi, kati ya kopo la samli na mfuko wa bamia. Kwa mtu aliyezoea kufukia mbegu na kuiona imeota wiki hiyohiyo, hii ni kazi ya subira kubwa. Tena asklepia inayotokana na mbegu mara nyingi haitoi maua mwaka wa kwanza.

Kila asubuhi alinifundisha kuyageuza majani kwa kidole bila kuyachuma. Yai halizidi kichwa cha pini, ni jeupe lililopauka, lina mistari iliyosimama. Baada ya siku nne hivi huanguliwa. Kiwavi anayetoka hula kwanza ganda la yai, kisha jani, na kwa muda wa wiki mbili hivi hujivua ngozi mara kadhaa hadi anakuwa mnene, wa mistari ya njano, nyeupe na nyeusi. Akiwa mkubwa hutafuna kwanza mshipa wa kati wa jani ili utomvu upungue, ndipo aanze kula kwa raha. Sumu iliyomo haimdhuru. Anaihifadhi mwilini, na inabaki naye hata akiwa kipepeo. Ndege akimla hutapika, na hamrudii tena. Mwanasayansi Lincoln Brower na wenzake walilionyesha hilo kwa majaribio katika miaka ya 1960. Baadaye kiwavi hujining'iniza kichwa chini, akawa bundo la kijani lenye vitone vya dhahabu. Nilipoliona bundo la kwanza nilisimama pale mpaka mama mdogo akaniita mara ya pili kwenda kula.

Watu wa kwetu hawahitaji kufundishwa kwamba kila kipepeo ana mmea wake. Milimani Usambara Mashariki, karibu na Amani, wanavijiji walifuga vipepeo kwa miaka mingi na kuuza mabundo Ulaya na Marekani, mpaka serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Kazi yao ilianza kwa kupanda miti ambayo viwavi hula. Na huko pwani kuna ndugu wa monaki, mdogo kidogo kwa umbo, mwenye ncha nyeusi za mabawa zilizotiwa madoa meupe. Viwavi wake nao hula mimea yenye utomvu wa aina hiyohiyo, ile inayoota penye ukavu pembeni mwa barabara. Nimepishana naye utotoni mara nyingi bila kumuuliza anakula nini.

Mama mdogo naye hakuanza kwa vitabu. Alianzishwa na jirani yake, bibi mzee sana aliyekulia Michigan. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watoto wa huko walitumwa kuokota matumba makavu ya asklepia kwenye mashamba na kandokando ya reli. Ndani ya tumba mna nyuzi laini zinazoipeperusha mbegu. Makoti ya kujiokolea baharini yalikuwa yakijazwa sufi kutoka Java, na Japani ilipoiteka Java sufi ile ikakatika. Ndipo Marekani ikageukia gugu lake yenyewe. Ilihesabiwa kwamba mifuko miwili ya matumba inatosha koti la mwanamaji mmoja. Bibi yule alimhadithia mama mdogo haya akiwa ameshika tumba lililopasuka, na mama mdogo, ambaye amelalia mito ya sufi tangu kuzaliwa, alizijua nyuzi zile kwa vidole kabla ya hadithi kwisha. Akaomba mbegu.

Monaki wanaozaliwa Juni na Julai huishi wiki chache tu. Wanaotoka kwenye mabundo mwisho wa Agosti na Septemba ni wa namna nyingine kabisa. Hawapandani. Wanakunywa mbochi wa maua ya vuli, wananenepa, na kuelekea kusini, safari inayoweza kuzidi kilomita 4,000. Hawa wanaweza kuishi miezi minane hata tisa. Kati yao hakuna aliyewahi kuifanya safari ile. Waliotoka huko ni mababu zao wa vizazi kadhaa nyuma. Hufuata jua, na saa ya mwilini inayowawezesha kurekebisha mwelekeo kadiri jua linavyohama angani imo kwenye papasi zao.

Septemba nilimsaidia mama mdogo kuwabandika stika. Ni kiduara kidogo kuliko ukucha, chenye herufi na namba, kinachotolewa na mradi wa Monarch Watch ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1992. Unamshika kipepeo mabawa yakiwa yamefumba, unabandika kwenye bawa la nyuma, unaandika namba kwenye karatasi, unafungua vidole. Alipomwachia wa mwisho alisema, "Miaka yote hii nawalisha. Sijawahi kuona wanakolala." Nami nikamwambia twende.

Tulikwenda mwisho wa Februari, Minnesota ikiwa bado chini ya theluji. Kutoka Mexico City tulipanda basi la kwenda Zitácuaro, likapita Toluca na kuanza kuzunguka milima. Mama mdogo alikaa dirishani. Amejifunza Kihispania kazini, kutoka kwa wenzake wanaopika na kufua kwenye nyumba ya wazee, na kabla hatujafika mbali alikuwa ameshajua wajukuu wa mama aliyekaa mbele yetu. Kutoka Zitácuaro tukachukua gari dogo hadi Angangueo, mji wa zamani wa machimbo ya fedha uliobanwa kwenye bonde jembamba. Februari 2010 mvua kubwa ziliporomosha milima juu ya mji huu na watu wakafa. Ukitazama mitelemko inavyoning'inia juu ya mapaa unaelewa kwa nini mti uliosimama huko juu si suala la vipepeo peke yao.

Usiku nilimsomea mama mdogo habari za Fred Urquhart, mtaalamu wa wadudu wa Toronto. Yeye na mkewe Norah walitumia miongo kutafuta mahali monaki wanapopisha majira ya baridi, wakisaidiwa na maelfu ya watu waliobandika stika. Januari 1975 wasaidizi wao, Ken Brugger na Catalina Aguado, mzaliwa wa Michoacán, waliwakuta mlima Cerro Pelón. Wenyeji walikuwa wakiwaona miaka yote. Huku monaki hufika karibu na siku za kuwakumbuka marehemu, tarehe 1 na 2 Novemba, na wazee wa Kimazahua na Kipurépecha huwapokea kama roho za waliotangulia. Walichokuwa hawajaambiwa ni kwamba vipepeo hao hutoka Kanada na Marekani. Januari 1976 Urquhart mwenyewe alipanda mlimani, tawi likakatika kwa uzito wa vipepeo, na kati ya walioanguka akaona mmoja mwenye stika. Alibandikwa Agosti 1975 na mwalimu na wanafunzi wake huko Chaska, Minnesota.

"Chaska?" mama mdogo akainuka kitandani. "Si pale kwa yule shangazi wa Mombasa?" Ndipo pale.

Asubuhi kulikuwa na sakitu juu ya nyasi. Hifadhi ya El Rosario iko kiasi cha mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyekulia karibu na Tanga huijua tofauti hiyo mapafuni. Mama mdogo alipanda farasi kwa sehemu ya njia. Mimi nilitembea nyuma nikisimama kila baada ya hatua chache. Kiongozi wetu, mzee mwembamba mwenye kofia ya majani, alituambia tusikimbilie kufika, kwa sababu chini ya nyuzi 13 hivi za joto monaki hawezi kuruka. Ukiwahi mno utakuta wamelala.

Tuliwakuta wamelala. Miti ya huko ni oyameli, jamii ya misonobari, mirefu na iliyonyooka, na mwanzoni niliona matawi yaliyoinama, mazito, ya rangi ya kahawia isiyopendeza. Sikuona kipepeo. Kiongozi akanyoosha kidole taratibu, na macho yangu yakaanza kutenganisha: tawi lote ni mabawa yaliyofumba, moja juu ya jingine, na tawi la juu yake vilevile, na shina tangu chini hadi ninapoweza kuona, na mti wa pili, na wa kumi. Mama mdogo alishuka kwenye farasi akashika mkono wangu. Hakusema kitu kwa muda mrefu, naye si mtu wa kunyamaza.

Wanalala pale kwa sababu. Msitu mnene huzuia joto lisitoroke usiku, na majani ya juu huzuia mvua. Kipepeo aliyelowa huganda upesi kuliko mkavu. Ukikata miti hata ya pembeni tu, baridi huingia kwa pengo lile. Januari 2002 mvua ya majira ya baridi ilifuatwa na baridi kali, na vipepeo kwa mamilioni wakaanguka chini wakiwa wafu. Hata siku njema wana maadui: aina mbili za ndege wamejifunza kuwala licha ya sumu yao, na chini ya miti tuliona mabawa matupu yametapakaa.

Halafu jua likapita juu ya kilima. Miale ilipogusa tawi la kwanza, mabawa yakafunguka, na kile kilichokuwa kahawia kikawaka rangi ya chungwa. Wakaanza kuachia, kumi, mia, kisha siwezi kusema. Hewa ikajaa. Nilisikia sauti ya mabawa yao, mfano wa rasharasha juu ya makuti. Walitua kwenye nywele za mama mdogo, kwenye mtandio wake, kwenye kofia ya kiongozi. Walishuka kwa wingi kwenye kijito kunywa maji, wakajipanga ukingo mzima. Wengine walikuwa tayari wawiliwawili, kwani mwisho wa Februari ndio wakati wanaoanza kupandana kabla ya kurudi kaskazini. Mama mdogo alilia waziwazi, nami pia.

Tuliporudi chini tulikaa kwenye kibanda cha mwanamke anayepika tortila za mahindi ya bluu, na kiongozi akakaa nasi. Ardhi ile ni ya jamii, iliyogawiwa wakulima baada ya mapinduzi ya Meksiko, nao huiamulia mambo yake kwenye mikutano kama ya kijiji. Baba yake alikuwa mkata miti. Eneo lilipotangazwa hifadhi mwaka 1986, na kupanuliwa mwaka 2000 hadi hekta zaidi ya 56,000, watu waliokuwa wakiishi kwa shoka waliambiwa waliweke chini. Tangu wakati huo kuna mfuko unaowalipa wenye ardhi kwa kutokata, na wageni wa majira haya huleta kiasi. Lakini msimu ni wa miezi minne tu na mwaka una kumi na miwili. Wanalinda kwa zamu, usiku, milimani, dhidi ya wezi wa magogo. Homero Gómez González, aliyekuwa mkata miti kisha akawa msimamizi wa hifadhi hii ya El Rosario na sauti yake kubwa, alipotea katikati ya Januari 2020, na mwili wake ukapatikana mwisho wa mwezi. Kiongozi alilitaja jina lake akavua kofia.

Monaki hawahesabiwi mmojammoja. Hupimwa kwa ukubwa wa msitu walioufunika. Majira ya 1996–97 walifunika hekta zaidi ya 18. Majira ya 2013–14 walibaki kwenye hekta 0.67. Majira ya 2024–25 walifika hekta 1.79, na wataalamu wanataka wafike angalau sita. Mara nyingi nimesikia Minnesota watu wakisikitika kwamba Wameksiko wanakata miti. Ukataji upo na umedhuru. Lakini katika miaka hiyohiyo, tangu 1996, soya na baadaye mahindi yaliyotengenezwa kuvumilia dawa ya glaifoseti yalienea Iowa, Illinois na Minnesota. Mkulima hupulizia shamba zima. Zao hubaki, kila jani jingine hufa. Asklepia iliyokuwa ikiishi kati ya mistari ya mahindi ikatoweka katika nchi pana kupita upeo wa macho. Hakuna aliyelazimika kuilinda usiku, hakuna aliyeuawa kwa ajili yake, na bado ilikwisha. Wanaobeba mzigo mzito zaidi wa kiumbe huyu ni wenye kipato kidogo zaidi njiani mwake, na mimi naona hilo si haki. Desemba 2024 serikali ya Marekani ilipendekeza monaki alindwe kisheria kama kiumbe anayekabiliwa na tishio. Sheria ni njema, lakini kila shina lililo uani kwa mama mdogo liko pale bila kuingoja.

Kiongozi alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na stika walizookota chini ya miti, ambazo wenyeji hulipwa wakizikabidhi kwa mradi. Mama mdogo alivaa miwani, akafungua daftari lake, akalinganisha namba moja baada ya nyingine. Zake hazikuwemo.

"Huko kwenu," kiongozi akamuuliza, "ule mmea wao upo bado?"

Mama mdogo akamwonyesha picha kwenye simu: vichaka vya Julai, mayai, bundo. Yule mzee, ambaye ameishi na monaki tangu kuzaliwa, alikuwa hajawahi kuona kiwavi akila jani. Alizirudia picha zile, akamwita mpishi naye atazame.

Kwenye basi la kurudi mama mdogo hakulala. Vipepeo tuliowaacha wangeondoka Machi, na mahali pao pa kwanza pa kutaga ni Texas na majimbo ya jirani. Ni watoto na wajukuu wao watakaofika Minnesota mwishoni mwa Mei. Ana rafiki yake Houston, Mkongomani wa Lubumbashi waliyefanya naye kazi zamani, ambaye kwa kumfurahisha alinunua asklepia dukani na kumtumia picha yenye maua mekundu na manjano. Hiyo ni ile ya nchi za joto. Mahali pasipo na baridi kali haifi, monaki huendelea kuzaa juu yake badala ya kusafiri, na kimelea anayewalemaza mabawa hulundikana kwenye majani yaleyale mwaka hadi mwaka. Mama mdogo akamtumia ujumbe wa sauti mrefu, kwa upole, asimvunje moyo: aikate mpaka chini sasa hivi kabla wasafiri hawajafika, kisha vuli atafute mbegu za aina ya Texas yenyewe, yenye maua ya kijani, zile za Minnesota hatamtumia, zimezoea hali ya kwao.

Tulikuwa tumeshaipita Toluca jibu lilipoingia. "Yaya, naikata kesho asubuhi. Lakini hiyo ya huku Texas, nitaipata duka gani?"

Mama mdogo akanipa simu. "Mtafutie, mwanangu. Anza na mabustani yanayouza mimea ya asili, na waulize kama wameipulizia dawa ya wadudu."